Mabehewa Matano ya Ziada

Stesheni yetu ilikufa Jumanne asubuhi, saa tatu na dakika ishirini na mbili. Mabuldoza yaliyokuja wiki mbili baadaye yalikuja kuzoa maiti yake tu. Nilikuwa na miaka sita, na ninachokumbuka ni vumbi. Kwa siku tatu kila nguo iliyoanikwa mtaani kwetu ilirudishwa ndani ikiwa na rangi ya majivu, na mama zetu wakafua upya huku wakiilaani reli, wakuu wa reli, na yeyote aliyewahi kufikiria kuweka chuma juu ya vichwa vya watu.

Paa la ukumbi wa abiria, mita sitini za chuma na vioo, lilishuka lote kwa mkupuo mmoja. Chini yake hakukuwa na mtu hata mmoja. Nusu saa kabla ya hapo walikuwapo watu mia nane.

Nani aliwatoa? Kwa Shirika la Reli jibu lilikuwa tayari kabla vumbi halijatua. Mkuu wa Stesheni aliiona hatari mapema akaamuru abiria watolewe kwa utaratibu. Mtangazaji aliyepewa amri hiyo akapagawa, akabuni treni isiyokuwapo, akasababisha vurugu na majeruhi, na kwa hiyo akaachishwa kazi. Mkuu alivishwa nishani, akapandishwa cheo mara mbili, akastaafu na heshima zake zote. Mtangazaji alirudi nyumbani kwetu na mkoba wake wa plastiki. Ni shangazi yangu, dada mkubwa wa baba.

Alikuwa ameitangazia stesheni ile miaka ishirini na miwili. Kibanda chake kilining'inia juu kabisa, chini ya boriti za paa, na kukifikia ulipanda ngazi ya chuma yenye vipandio thelathini na kimoja. Ndani mlikuwa na kiti, kipaza sauti, daftari, dirisha la kutazama ukumbi, na msumari mrefu uliosimama juu ya kibao. Msumari ndio uliokuwa sheria. Hakuna neno lililoruhusiwa kutoka katika kipaza sauti kile bila kikaratasi cha manjano chenye saini ya Mkuu. Tarishi anakipandisha, Shangazi anakisoma hewani, anakichoma kwenye msumari, basi. Watu walirekebisha saa zao kwa sauti yake. Baba hupenda kusema kwamba dada yake angetangaza mvua, watu wangefungua miavuli kwanza, ndipo watazame juu.

Jumanne ile, saa mbili na dakika hamsini na moja, alitangaza bila kikaratasi.

"Abiria wote wa treni ya saa tatu na nusu, tafadhali sikilizeni. Treni yenu itaondokea uwanja wa mizigo. Yameongezwa mabehewa matano ya ziada. Viti havina namba. Atakayewahi ndiye atakayekaa."

Ukumbi ulinyanyuka. Masanduku, vikapu, magodoro, watoto mgongoni, wote wakamiminika kupitia lango pana la mikokoteni hadi uwanja wa mizigo. Huko wakakuta reli mbili zenye kutu na mbuzi watatu. Mama mmoja alijikwaa njiani akavunjika kifundo cha mkono. Wengine walitukana, wengine walicheka, lakini hakuna aliyerudi ukumbini, maana kila mmoja alihofia kwamba akigeuka tu treni itaingia na kiti chake kitakaliwa na mwingine. Walikuwa bado wamebanana kando ya zile reli wakati paa lilipoanguka nyuma yao.

Ungedhani wangembeba Shangazi mabegani. Lakini ripoti ilisomwa redioni, ikabandikwa ofisi ya posta, na ripoti ilisema mwokozi ni mwingine. Kwa Shangazi kikabaki kichekesho. Mtaani wakamwita Mabehewa Matano. Akipita sokoni utasikia, "Mabehewa Matano, leo tukimbilie upande gani?" Yeye alichagua vitunguu vyake, akalipa, akaenda zake.

Stesheni ilivunjwa kwa miezi minne. Kuta zilizobaki zilionekana hazifai, majukwaa manne yakachimbuliwa, saa ya mbele ikateremshwa kwa kamba na hakuna anayejua ilikwenda wapi. Kwa miaka mingi pakabaki uwanja mtupu wenye magugu, mahali pa kufundishia watu kuendesha gari.

Mimi nikakua, nikachukua diploma ya uandishi na uhariri, nikatuma maombi kwa kila gazeti lenye mlango, nikaishia kwenye karakana ya mabango. Tuko watano. Bosi, ambaye kwa asili ni fundi wa kukata shaba, huniita Mwandishi kwa sauti ileile anayomwitia paka wetu Meneja. Kazi yangu ni maneno, kuyatunga na kuyakata: majina ya zahanati, maonyo ya umeme, mawe ya makaburi. Neno likikosewa kwenye karatasi unafuta. Likikosewa kwenye shaba utakaa nalo mpaka ufe, na watu watakuja kulipiga picha.

Mwaka huu Shirika lilimaliza kujenga jengo jipya pale uwanjani, maduka chini, ofisi juu. Afisa Uhusiano wao akaja karakana na faili chini ya kwapa. Alikuwa kijana nadhifu, mwenye simu mbili, zote mbili zikiita.

"Tunataka historia ya stesheni ya zamani," alisema. "Bamba la marumaru mlangoni, herufi za shaba. Fupi tu. Na iwe ya kuinua moyo."

"Historia ya kweli, au ya kuinua moyo?" niliuliza.

Bosi alikohoa.

"Dada yangu, zote mbili. Kila kitu kimo humu ndani ya faili. Na tafadhali maneno yasiwe magumu, mgeni rasmi ni yule mzee wetu wa nishani, Mkuu wa Stesheni mwenyewe. Atalisoma bamba mbele ya watu, na macho yake siku hizi yamechoka."

"Hayatakuwa magumu," nikasema. "Nakuahidi."

Nililifungua faili mchana uleule, kati ya mashine ya kukatia na ndoo ya gundi. Historia ilikuwa tamu kuliko nilivyotegemea. Stesheni ilisimama miaka sabini na minane. Ilikuwa na milango mitatu ya mbele, na katika miaka yake ya mwisho miwili ilifungwa kwa mnyororo kwa sababu bawaba zilikufa na hakuna aliyeidhinisha mpya. Palikuwa na chumba cha kungojea cha daraja la kwanza kilichopoteza dari yake mapema kuliko cha daraja la tatu. Palikuwa na fundi viatu aliyekaa chini ya ngazi ileile miaka arobaini. Kisha nikafika kwenye ripoti ya Mkuu, na sentensi moja nikaisoma mara nne: "Saa 2.51 asubuhi, baada ya kuona dalili za hatari katika paa, nilimwagiza mtangazaji awaondoe abiria."

Jumamosi nilikwenda kwa Shangazi. Anakaa vyumba viwili nyuma ya nyumba ya baba, anashona sare za shule. Sketi za bluu zilikuwa zimepangwa kitandani kama wanafunzi waliolala darasani.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba. Usikalie hizo, zina pini."

Nilikaa sakafuni. Nilimwacha amalize pindo moja, kisha nikamuuliza moja kwa moja. "Asubuhi ile, Mkuu alikupa kikaratasi?"

Cherehani ikasimama.

"Nani kakutuma?"

"Kazi."

"Kazi gani hiyo inayouliza vikaratasi vya watu?"

Nikamweleza: bamba, mlango, marumaru, ripoti. Alisikiliza huku akiondoa nyuzi kwenye kidole kimoja kimoja.

"Hakunipa," alisema. "Na si kwamba sikuomba. Unga wa kutu ulikuwa unadondoka juu ya daftari langu tangu Ijumaa. Jumanne nati ikaanguka mezani, kubwa kama yai la kuku. Nikashuka ngazi nayo mkononi. Akaniambia boriti hizo zimekaa miaka sabini hazimwombi ruhusa mwanamke wa kipaza sauti. Nikapanda. Nikasikia chuma kinalia. Nikashuka tena. Mara ya tatu hakuinua hata kichwa, alikuwa anahesabu viti vya wakaguzi waliokuwa waje mchana. Akasema, rudi kibandani, paa lina wenyewe."

"Kwa nini hukuwaambia abiria ukweli, kwamba paa linaanguka?"

Alinitazama kama nimemwuliza kwa nini hakuruka.

"Wewe ulisoma wapi? Milango mitatu, miwili ina mnyororo, huo mmoja unafunguka kwa ndani. Ningesema paa, wangeuana mlangoni kabla paa halijawafikia. Lango la mikokoteni lilikuwa wazi, lakini nani angekumbuka lango la mikokoteni? Mimi namjua abiria alivyo. Abiria humwambii akimbie hatari, atasimama atafute sanduku lake na aulize nani kasema. Mwambie kuna kiti."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Usicheke. Nilidanganya. Miaka ishirini na miwili sikuwahi kutangaza treni isiyokuwapo, hata kuchelewa kwa dakika mbili nilikusema. Na yule mama akavunjika mkono kwa sababu ya uongo wangu."

"Lakini Shangazi, kukufukuza baada ya paa kuanguka, wakati kila mtu ameona—"

"Baada? Nani kakwambia baada?"

Alivuta droo ya cherehani, akatoa vibobini vya uzi, akatoa mkebe wa vifungo, akatoa gazeti lililotandikwa chini, na chini ya gazeti palikuwa na barua iliyokunjwa mara nne.

Ninyi ambao hamkuzaliwa katika nyumba ya reli itabidi niwaeleze jambo. Mtu wa reli hawezi kutoa karatasi bila kuigonga mhuri wa saa. Si sheria tena, ni ugonjwa. Mkono unajiendea wenyewe. Baba anaapa kwamba Mkuu yule aliwahi kugonga mhuri wa saa kwenye kadi ya mwaliko wa harusi ya bintiye, na waalikwa wakadhani ndio muda wa kufika, wakafika alfajiri.

Barua ilikuwa imegongwa saa 3.05 asubuhi.

Ilisema hivi: "Leo saa 2.51 umetangaza bila kikaratasi, bila amri yangu na bila mimi kuwa na habari, kwamba abiria waende uwanja wa mizigo. Umeuacha ukumbi mtupu pasipo sababu. Paa unalolisingizia ni zima. Kuanzia dakika hii wewe si mtumishi wa stesheni hii." Saini yake. Ileile ya kwenye ripoti, yenye mkia mrefu unaorudi chini ya jina.

Dakika kumi na saba. Hizo ndizo zilizobaki kati ya mhuri ule na lile paa zima.

"Nilikuwa nimesimama ng'ambo ya barabara, barua mkononi, paa linashuka," alisema Shangazi. "Nikafikiri, sasa wataelewa. Jioni nikasikia ripoti redioni."

"Na hukuionyesha barua kwa mtu yeyote? Miaka kumi na tisa?"

"Nimwonyeshe nani karatasi inayoniita mwongo? Mwongo nilikuwa kweli."

"Hii haikuiti mwongo peke yako, Shangazi. Hii inamwita yeye mwongo kwa mwandiko wake."

"Iache hapo."

"Sitaiacha. Wiki mbili zijazo ile ripoti yake itakuwa shaba. Shaba, Shangazi, si redio. Nitaikata mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, kwamba mzee yule aliokoa watu mia nane na wewe ukawatia wazimu. Nitapita pale kila siku nikienda kazini. Wanangu watapita pale. Na tukishabandika, hakuna wa kubandua."

Shangazi aligeukia cherehani yake. Akaingiza uzi kwenye sindano, jambo ambalo kwa umri wake huwa linamchukua majaribio matatu. Safari hii uliingia kwa jaribio la kwanza.

"Nina sharti," alisema. "Andika kwamba ulikuwa uongo. Neno hilohilo, usilivalishe nguo. Ukiandika kwamba nilikuwa malaika, nakuja na nyundo."

Niliandika siku tatu. Maneno mengi yaliyokuja mwanzo yalikuwa ya hasira, na hasira huwa na sifa nyingi. Nikazitoa moja moja mpaka zikabaki nomino, vitenzi na saa. Nilipomkabidhi Bosi, alisoma amesimama, kisha akakaa, kisha akasoma tena na zile nakala mbili, ripoti na barua, zikiwa juu ya paja lake.

"Mwandishi, hili litatufungia karakana."

"Nionyeshe neno la uongo, nitalitoa."

Bosi ni mtu wa vipimo. Alipitisha rula chini ya kila mstari, ingawa karatasi haina cha kupimwa. Mwisho akasema, "Hapa 'mtangazaji' umeandika kwa herufi ndogo, na hapa 'Mkuu' kwa kubwa. Vyote ni vyeo. Ama vyote vikubwa au vyote vidogo."

"Vyote vikubwa."

"Sawa. Na mteja asaini kila kitu. Sitaki kusikia sikuona."

Kwetu mteja lazima aisome karatasi ya prufu na kuitia saini kabla hatujagusa shaba. Afisa Uhusiano alipokuja nilimpa prufu ikiwa imebanwa pamoja na nakala ya ripoti na nakala ya barua.

"Soma mpaka chini," nikamwambia. "Na hizo mbili za nyuma."

"Mwanzo umenigusa sana, hapo kwenye fundi viatu," alisema, simu moja sikioni, kalamu mkononi.

"Kaka, soma mpaka chini. Kuna mambo ambayo mzee wenu hatayapenda."

"Wazee hawa hawapendi kitu, Dada. Ukimpa kiti atauliza kwa nini si sofa. Nakuamini." Akasaini prufu. Bosi akamgeuzia nakala moja, akasaini. Akamgeuzia ya pili, akasaini. Kisha akaondoka akimwambia mtu wa kwenye simu kwamba mambo ya bamba yamekwisha.

Nikaanza kukata.

Siku ya ufunguzi ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi. Viti mia mbili vya plastiki vilijaa, na waliosimama walikuwa wengi zaidi, kwa sababu mji mzima ulikuwa umewahi kupanda treni pale. Bamba lilikuwa limefunikwa kwa kitambaa cheupe. Shangazi alikaa safu ya nyuma, katikati yangu na baba, amevaa gauni aliloshona mwenyewe na uso wa mtu anayengoja daktari amwite.

Mkuu wa Stesheni alipanda jukwaani kwa fimbo. Alikuwa amekonda, lakini suti ilipigwa pasi kama karatasi, na nishani ilikuwa kifuani. Kitambaa kikavutwa, watu wakapiga makofi, akavaa miwani, akaanza kusoma. Sauti yake bado ilikuwa na amri ndani yake.

"Hapa ilisimama stesheni ya mji kwa miaka sabini na minane. Ilikuwa na majukwaa manne, milango mitatu na lango moja la mikokoteni. Fundi viatu wake alikaa chini ya ngazi miaka arobaini, na hakuna treni iliyomkuta hayupo."

Watu wakacheka kwa furaha. Mtu akasema namkumbuka, alinishonea kiatu. Mkuu akatabasamu, akaendelea.

"Katika asubuhi yake ya mwisho, Mtangazaji wa Stesheni alionya mara tatu kwamba paa si salama. Hakusikilizwa. Saa 2.51, bila kikaratasi—"

Hapo akasimama. Aliisogeza miwani. Aliangalia herufi kama mtu anayeangalia mguu wake mwenyewe ukienda peke yake. Afisa Uhusiano, aliyekuwa pembeni ya bamba, akageuka kulisoma kwa mara ya kwanza, na nikaona simu zote mbili zikiteremka polepole hadi kwenye mapaja yake.

Lakini herufi za shaba za sentimita tano zinasomeka hadi barabarani. Nilizikata mimi, najua. Katika safu ya tatu mwanamume mmoja aliendelea kwa sauti pale Mkuu alipokwama, na wa pembeni yake akaungana naye, na mara umati mzima ukawa unasoma, wengine wakitangulia, wengine wakichelewa, kama darasa:

"Saa 2.51, bila kikaratasi na bila amri, alitangaza treni isiyokuwapo. Ulikuwa uongo. Abiria mia nane waliufuata. Saa 3.05 Mkuu wa Stesheni alimwachisha kazi kwa barua iliyosema kwamba paa ni zima. Saa 3.22 paa lilianguka. Chini yake hakukuwa na mtu."

Watu wakageukiana, kila mmoja akitafuta nani mwingine alikuwapo.

"Mimi nilikuwamo," alisema mzee mmoja mnene. "Nilikimbia na godoro. Godoro la futi sita."

"Ndiye wewe uliyenipiga nalo," akajibu mwingine, na kicheko kikapasuka, na katikati ya kicheko mwanamke akainuka upande wa kushoto, mkono wake wa kulia juu. Kifundo kilikuwa kimeungana vibaya, kimepinda kidogo kwa nje. Kicheko kikakatika. Nilimsikia Shangazi akivuta pumzi.

"Ni mimi niliyeanguka," alisema yule mwanamke. "Miaka kumi na tisa mkono huu ukiniuma wakati wa mvua namlaani mtangazaji. Yuko hapa?"

Baba alimshika dada yake kiwiko. Shangazi akautoa mkono wa baba taratibu, akainuka, akatembea katikati ya viti hadi mbele. Hakuna aliyemzuia. Afisa Uhusiano alisogea kumpisha kama anapisha treni yenyewe.

Alisimama mbele ya kipaza sauti. Alikirekebisha urefu kwa mkono mmoja bila kukitazama.

"Abiria wote, tafadhali sikilizeni," alisema, na watu waliokuwa na zaidi ya miaka thelathini wakakaa wima vitini mwao bila kujua wamefanya hivyo. "Tangazo lililotolewa Jumanne, saa mbili na dakika hamsini na moja asubuhi, halikuwa sahihi. Hakukuwa na treni uwanja wa mizigo. Hakukuwa na mabehewa matano ya ziada. Kanuni inataka tangazo lenye kosa lisahihishwe mara moja. Nimechelewa kulisahihisha kwa miaka kumi na tisa. Mama, mkono wako nauona."

Yule mwanamke alicheka huku akilia. "Unaniuma, bibi wee," alisema. "Nafurahi kuwa na mkono wa kuniuma."

Hapo Mkuu wa Stesheni, aliyekuwa bado amesimama hatua mbili kando, akamwinamia Shangazi. Nadhani alitaka kumwambia yeye peke yake. Nadhani pia kwamba ni ule ugonjwa wa reli, kwamba maneno yalijiendea yenyewe.

"Lakini hukuwa na kikaratasi," alisema.

"Ndiyo, Mkuu," Shangazi alijibu kwa adabu zote. "Hukunipa."

"Sikukupa," alikubali mzee.

Kipaza sauti kilikuwa wazi. Maneno hayo yalitoka kwenye spika nne, yakagonga vioo vya maduka mapya na kurudi. Sikukupa. Zaidi ya mia nne tulimsikia. Alitambua alichokisema, akajishika kifuani penye nishani kama mtu anayetafuta kalamu, kisha akakaa.

Siwezi kuwaeleza kelele iliyofuata. Waliinuka wote. Walimzunguka Shangazi, wakamshika mikono, wakamsogezea watoto wao wamwone, watoto ambao wasingezaliwa. Mtu alianza kuita Mabehewa Matano, lile jina la sokoni, na wengine wakalidaka wakaliimba, Mabehewa Matano, Mabehewa Matano, wakigonga viti vya plastiki sakafuni kama magurudumu kwenye maungio ya reli. Baba, mtu ambaye sijawahi kumwona akicheza hata kwenye harusi yake mwenyewe katika picha, alicheza. Shangazi alisimama katikati yao amenyooka, bila machozi, bila aibu, akipokea kila mkono kama alivyokuwa akipokea vikaratasi: unakuja, unashughulikiwa, unafuata mwingine.

Jumatatu Afisa Uhusiano alikuja karakana bila faili. Simu zake alizizima mwenyewe, akaziweka juu ya meza yangu.

"Bamba halitolewi," alisema. "Wakubwa walitaka, lakini tangu jana kuna foleni ya watu wanaopiga picha. Na saini ni zangu, tatu. Hilo tumelikubali."

"Vizuri," alisema Bosi bila kuacha kukata.

"Ila mzee ameumia. Anaumwa, halali. Amefedheheshwa mbele ya watu akiwa mgeni rasmi. Shirika linataka barua ya kuomba radhi kutoka kwa mwandishi wa bamba. Isipokuja, karakana hii haitapata tena kazi yetu." Kisha akapunguza sauti, na nadhani alikuwa ananihurumia kweli. "Dada, mistari miwili tu. Hata usipomaanisha."

Bosi aliizima mashine. Alichukua kitambaa, akaanza kufuta mikono yake, kidole kimoja kimoja, akiningoja.

"Kuna neno kwenye bamba ambalo si kweli?" niliuliza.

"Hakuna aliyesema si kweli."

"Kuna saa niliyoikosea?"

"Hapana."

"Nilikwambia usome mpaka chini?"

"Uliniambia. Lakini ni mzee, Dada. Ungeweza kuliandika kwa namna nyingine."

"Ningeweza," nikasema. "Naijua hiyo namna nyingine. Ilisomwa redioni miaka kumi na tisa iliyopita. Waambie nimeipokea salamu yao, na mzee namwombea usingizi. Radhi siombi."